IST, Probox au Escudo: lipi linamfaa mtu wa Tanga?

Ukitaja kijiweni Ngamiani kwamba unatafuta gari, ushauri unaanza kabla kahawa haijapoa. Mmoja atasema chukua IST, spea zimejaa kila kona. Mwenzake atajibu kwamba IST ni gari la mtu asiyetoka mjini, chukua Escudo uheshimike. Mwenye duka la jumla upande wa pili wa barabara hatachangia kitu. Probox yake iko nje, imejaa unga mpaka dirishani, na yeye hana muda wa mjadala.

Mimi nayapenda magari yote matatu, wala sioni aibu kuonekana ndani ya lolote. Ninachokiona ni kwamba watu wanabishania jina lililoandikwa kwenye buti, wakati hapa kwetu yanayoamua ni mambo mawili: njia unazopita kila wiki, na hali ya gari kule chini ambako hakuna anayeinama kutazama.

IST ninayoizungumzia zaidi ni ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007. Ya pili, iliyotoka 2007 na kuendelea hadi 2016, nitaitaja panapohitajika. Probox ni ile iliyoingia sokoni Japani mwaka 2002, kabla haijabadilishwa uso 2014. Escudo ni ya 2005 kuja huku, ile ambayo nchi nyingine inaitwa Grand Vitara. Passo nimeiweka pembeni. Ni gari zuri la kupeleka watoto shule na kurudi sokoni, na ile ya cc 1,000 inaonja mafuta tu, lakini mtu anayeilinganisha na Escudo bado hajajua anatafuta nini.

Tunapima nini

Nimechukua vigezo sita: barabara, nafasi ya watu na mizigo, mafuta, spea na mafundi, kutu, na mwisho gharama ya kulipata gari pamoja na wepesi wa kuliuza. Uzito wa kila kimoja unaujua wewe. Anayeishi Chumbageni na kufanya kazi bandarini hana sababu ya kulipia uwezo wa kupanda Amani kwenye matope. Mwenye shamba la michungwa Muheza ndani hana sababu ya kufurahia kwamba gari linaegesheka kirahisi.

Kutu nimekipa nafasi kubwa kuliko ambavyo mtu wa Dodoma angekipa. Sisi tuna bahari.

Barabara

Mji wenyewe ni tambarare, ndiyo maana baiskeli haijawahi kufa hapa. Kwa mizunguko ya mjini, kutoka Makorora hadi Raskazone, kutoka Bombo hadi stendi ya Kange, IST inatosha na kubaki. Ni nyepesi, inakata kona kwenye mitaa ya Ngamiani bila kurudi nyuma mara mbili, na inaingia mahali ambapo Escudo ingeomba watu wasogeze meza za biashara. Probox nayo haina shida mjini, ila ni ndefu kidogo na ukiiendesha tupu inarukaruka nyuma, maana imetengenezwa ikitarajia mzigo.

Ukitoka kwenda Segera, na kutoka pale Chalinze hadi Dar, yote ni lami. Hapo Escudo ndiyo inayokufikisha ukiwa hujachoka. Lori likipishana nawe kwa kasi, Escudo inatikisika kidogo tu, IST inasukumwa na upepo na mikono yako inajua. Probox inakwenda vizuri lakini ina kelele: unasikia matairi, unasikia upepo, unasikia kila kilichowekwa nyuma.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni habari nyingine. Ni lami, kama kilomita 33, lakini nyembamba, kona juu ya kona, na unatoka tambarare ya joto kwenda mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Watu hudhani injini ya cc 1,500 haipandi. Inapanda. Tatizo la madereva wengi wa IST na Probox ni kuiacha gia kwenye D muda wote, gari linapanda gia na kushuka kila kona, gia boksi inapata joto bila sababu. Zima O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa), au weka 2 pale panapokaza, na uwe mpole na mguu. Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi: ukitegemea breki peke yake kutoka Lushoto hadi Soni na kuendelea, zitakunukia kabla hujafika Mombo. Gia ndogo ikushikie gari, breki uzitumie kwa vipindi. Ushauri huu unahusu magari yote matatu, na Escudo zaidi, kwa sababu ina uzito wa tani moja na nusu na ushee.

Sasa njia za vumbi na matope. Kupanda Amani kutoka Muheza wakati wa masika, au njia za mashamba zinazoingia ndani ya Pangani na Mkinga, hapo Escudo haina mpinzani kati ya hawa. Tumbo lake liko milimita 200 kutoka ardhini, magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, na kuna kitufe cha kufunga difu ya kati na kushusha gia hadi 4L, ile gia nzito ya mwendo wa polepole. Wengi wanaoimiliki hawajawahi kukigusa. Kama utainunua, mwambie muuzaji akizungushe mbele yako hadi taa iwake kwenye dashibodi, kwa sababu mfumo uliokaa miaka bila kutumika unaweza kukataa siku unapouhitaji.

Ipo pia IST ya magurudumu manne. Ya nyuma hushika yenyewe pale ya mbele yanapoteleza, na kwenye utelezi mdogo inasaidia. Lakini tumbo ni lilelile la chini. Kuteleza hutateleza, utakwama ukiwa umekaa juu ya tuta la katikati.

Watu na mizigo

Hapa Probox inashinda bila kutoka jasho. Ukilaza siti za nyuma unapata sakafu iliyonyooka na mlango wa nyuma mpana. Toleo la van Wajapani wenyewe waliliandikia uwezo wa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, na kilo 250 likiwa na watano. Magunia ya machungwa, maboksi ya samaki kutoka Deep Sea, mabomba ya fundi maji, vyombo vya mpishi wa shughuli, vyote vinaingia bila kufungua kioo. Ninachokipenda kingine ni kile kimeza cha kuvuta kwenye dashibodi. Alichowekewa mfanyabiashara wa Osaka, leo kinamshikia mwenzake wa Mgandini daftari la madeni.

Ubaya wake unaujua ukikaa nyuma. Siti ya nyuma ya van imesimama wima na ni nyembamba, imewekwa ili kutimiza wajibu. Mama yako mzazi akikaa hapo kutoka Tanga hadi Dar atakuambia neno, na hutakuwa na jibu. Kama unataka Probox na una familia, tafuta toleo la wagon. Siti yake ya nyuma ni ya binadamu.

IST inabeba wanne vizuri, wa tano akiwa mtoto. Buti yake ni ya manunuzi ya wiki. Escudo inabeba watano wakubwa kwa heshima, buti ni ya kati, na mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavuni kwa sababu tairi la akiba limening'inia hapo. Ukiegesha huku gari jingine limekubana nyuma, mzigo hautoki.

Mafuta

IST na Probox za cc 1,500 zinatumia injini ileile, 1NZ-FE, kwa hiyo usitarajie tofauti kubwa. Likitunzwa vizuri, gari la namna hiyo linakupa kilomita 12 hadi 14 kwa lita kwenye mchanganyiko wa mji na safari. Escudo ya cc 2,000 weka 8 hadi 10, na mjini yenye kiyoyozi kinachovuma muda wote usishangae ikishuka chini ya hapo.

Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atatumia kama lita 77 akipata 13 kwa lita, na kama lita 111 akipata 9. Tofauti ni lita 34. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayoshukia bandari yetu yana bei yake kwenye jedwali. Zidisha 34 kwa bei ya mwezi huo, halafu jiulize kama fedha hiyo unaitoa bila kukunja uso. Kama unaitoa, Escudo haitakusumbua. Kama ndiyo ada ya mtoto, jibu unalo.

Spea na mafundi

Injini ya 1NZ-FE imo pia kwenye Vitz, Raum, Funcargo, Porte, Allion, Premio na Corolla kadhaa. Maana yake ni kwamba fundi yeyote wa mtaani ameifungua, na spea yake utaipata hata siku ambayo duka kubwa limefunga. Inatumia cheni, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita fulani. Oili yake pamoja na filta ni lita 3.7, galoni moja ya lita nne inatosha na kinabaki cha kuongezea.

IST ya pili iangalie gia boksi. Nyingi za cc 1,500 zina CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, na CVT haitaki mafuta ya gia ya kawaida. Fundi anayekuambia "haya yote ni mamoja, bosi" mwache aendelee na magari mengine. IST ya kwanza na Probox ya kabla ya 2014 zina gia boksi ya kawaida ya gia nne, inayosamehe zaidi.

Escudo si gari gumu, ila ni Suzuki katika mji wa Toyota. Pedi za breki, filta, bushi na shokapu utazipata. Vitu vya ndani zaidi, mfano sehemu za difu ya mbele au sensa, mara nyingi utaagiza Dar na kusubiri kifurushi kwenye basi pale Kange. Injini yake ya J20A nayo inatumia cheni, na ni imara, lakini haivumilii mtu anayechelewesha oili. Washa asubuhi ikiwa baridi kabisa, usikilize upande wa mbele wa injini. Mlio kama wa mnyororo uliolegea unaochelewa kuisha ni gharama inayokusubiri. Ndiyo sababu ya kumwambia dalali asilipashe gari moto kabla hujafika.

Kutu

Gari la Tanga linaliwa na chumvi kutoka pande mbili.

Ya kwanza ni ya kwetu. Anayeishi Raskazone, Sahare au Mwambani anapokea upepo wa bahari usiku na mchana, na unyevu unaofanya chumvi ishike. Ya pili hatuioni, inakuja na gari kutoka Japani. Mikoa yenye theluji kama Hokkaido na ile ya Tohoku humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Na ni huko huko ambako watu hununua kwa wingi magari madogo yenye magurudumu manne. Ile IST ya 4WD inayouzwa kwa kusifiwa, na Escudo pia, inaweza kuwa imekula chumvi miaka kumi kabla haijaonja ya kwetu.

Kama unaagiza, soma karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani, wewe mwenyewe. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Daraja la R au RA linamaanisha gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Madalali wengi hukutumia picha ya mbele inayong'aa na kuisahau karatasi. Idai.

Kama unanunua kwa mtu hapa hapa, ingia chini ya gari. Rangi nyeusi mpya kabisa chini ya gari la miaka ya 2000 haifurahishi. Uliza inaficha nini. Kwa IST, angalia kingo za ndani juu ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango, na ekseli ya nyuma. Kwa Probox, inua kapeti yote ya nyuma. Iliyobeba samaki huvuja maji ya barafu yenye chumvi kwenye sakafu, na bati huliwa kutoka ndani huku nje gari likiwa zuri la kupigia picha. Kwa Escudo, angalia pale mikono ya shokapu inapofungwa na mabomba ya breki yanayopita kuelekea nyuma. Chesisi yake imeunganishwa na bodi, si ya kufungua na kubadilisha, kwa hiyo kutu ya hapo usiifanyie mzaha.

Kwa yoyote utakayochukua, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ukitoka ufukweni au kubeba samaki. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Kuoshea gari kwa maji hayo ni kuliongezea.

Kwa kigezo hiki hakuna gari lililo bora kwa jina lake. Probox safi inaishinda Escudo iliyooza, na kinyume chake.

Kulipata na kuliuza

Ukiagiza, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Gari lililozeeka linaongezewa ushuru, na injini inayozidi cc 2,000 hulipa ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi. Escudo ya J20A ina cc 1,995, inapita chini ya mstari kwa kuinama. Ile ya 2.4 na ile ya 2.7 hazipiti, na kwa matumizi ya hapa sioni unachokipata kinacholingana na unachokitoa.

Kuuza, IST inaondoka haraka kuliko zote. Probox inaondoka haraka kwa wafanyabiashara, kwa wengine wanaiona gari la kazi. Escudo inasubiri mnunuzi wake, ila akija anakuwa anajua anachokitaka.

Vitu vidogo vinavyobishaniwa vilevile

Tairi jipya la bei nafuu au tairi la mtumba la jina kubwa? Mimi nachukua jipya, kwa hali nyingi. Jua letu linakausha mpira, na tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekufa ndani. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama muuzaji amezikwangua, umeshapata jibu. Kwenye hesabu ya Escudo kumbuka kwamba saizi kama 225/70R16 inagharimu zaidi ya zile rimu ndogo za Probox, na unanunua nne.

Maji au kulanti kwenye rejeta? Kulanti, hakuna cha kujadili, na hasa kama maji uliyo nayo ni ya kisima. Kama umepungukiwa njiani, ongeza maji ya kunywa ya chupa kisha urekebishe ukifika.

Betri, nunua yenye ukubwa ulioandikwa kwa gari lako na uangalie tarehe. Betri kubwa zaidi haiipi IST nguvu zaidi.

Na kwa kuwa safari ya Lushoto haiendi bila chai ya tangawizi: chupa ya kioo cha ndani inatunza moto vizuri nyumbani, lakini njia ya Amani haijui kioo. Chukua ya chuma, hata kama bei inauma.

Kwa hali yako

Unaishi na kufanya kazi mjini, unaenda Dar mara chache, na ndilo gari lako la kwanza: IST ya kwanza yenye gia boksi ya kawaida, iliyo safi chini. Ya pili ukiipenda kwa sura, sawa, mradi una fundi anayejua CVT.

Una duka, unasambaza bidhaa, unapika kwenye shughuli au unafanya kazi ya ufundi: Probox. Kama gari hilohilo ndilo la familia, tafuta wagon na uvumilie kelele. Kama kazi yako ni samaki, weka turubai zito sakafuni tangu siku ya kwanza na utoboe mahali pa maji kutoka, usisubiri harufu ikukumbushe.

Una shamba ambako lami haifiki, au kazi yako inakupeleka vijijini masika na vuli: Escudo ya cc 2,000. Mwenye safari ya namna hiyo mara mbili kwa mwaka, Sikukuu ya Idi na mazishi, ni nafuu kuwa na IST na kukodi siku hizo.

Wazazi wako wana umri na magoti yanasumbua: Escudo iko juu kidogo kwa kupanda, IST iko chini kidogo kwa kutoka. Wapeleke wakae, waingie na kutoka wenyewe, ndipo uamue.

Umebanwa kati ya IST na Probox na huna mizigo ya kila siku: chagua iliyotunzwa vizuri, kwa kuwa injini ni moja. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na omba gari lipandishwe jeki. Muuzaji akikataa, magari ni mengi Tanga hii, nenda kaangalie jingine.